Zawadi Iliyomsemea Mama Pazia

Mama Pazia hakuwa na sikio la muziki, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Ukimpigia nyimbo mbili, atakuambia moja ina kelele zaidi, basi. Aliolewa na mpiga gitaa kwa sababu alimpenda mtu, na muziki ukaja na huyo mtu kama mizigo inavyokuja na mgeni. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia, majora ya vitambaa yamesimama kwenye pembe kama watu waliokosa viti, na kopo la vikulabu ambavyo hakuna mtu wa nyumba ile ambaye hajawahi kuvikanyaga akiwa pekupeku.

Mumewe, mji mzima ulimwita Solo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Katika bendi yao ya dansi yeye ndiye aliyepiga gitaa la solo, lile linaloimba juu ya mengine yote, na watu waliomsikia ujanani walikuwa wakisema gitaa lake likilia, hata mwenye deni atakusamehe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole virefu vilivyojaa sugu kwenye ncha, na alipenda utani kuliko chakula.

Kila sikukuu za mwisho wa mwaka zilipokaribia, Mama Pazia alimnunulia zawadi ya gitaa, na kila mara alikosea. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao alimletea mkanda wa ngozi, mzuri ajabu, ila mfupi. Solo alipouvaa gitaa likapanda mpaka chini ya kidevu kama mtoto anayedai kunyonya. Mwaka mwingine akamletea nyuzi za nailoni, na gitaa la mumewe lilikuwa la nyuzi za chuma. "Hizi, mama, tutaanikia nguo," Solo alisema, na kweli akazifunga uani, soksi zikaanikwa mpaka zikachakaa. Mwaka mwingine akanunua kibano, kile kinachobanwa shingoni mwa gitaa ili sauti ipande juu. Kilikuwa cha gitaa lenye shingo nyembamba, na la Solo lilikuwa na shingo pana. Mama Pazia akakichukua yeye, akawa anabania kitambaa mezani wakati wa kukata. Solo aliyapenda makosa hayo. Aliyapeleka kwenye bendi kama mtu anayepeleka picha za watoto wake. "Mke wangu amenunua tena," alikuwa akisema, na wenzake wanaanza kucheka hata kabla hawajajua ni nini.

Basi ndoa ikaenda hivyo, binti yao wa pekee akakua, akaajiriwa mji mwingine, na wao wawili wakabaki na cherehani na gitaa.

Masikio ya Solo hayakufa kwa siku moja. Maisha yake yote alisimama hatua chache kutoka kwenye spika kubwa kuliko kabati, na spika hizo zilikuwa zikimla polepole kama mchwa unavyokula nguzo: kwa nje rangi ni ileile. Kwanza aliacha kusikiliza redio, akasema habari zenyewe ni zilezile. Kisha akaanza kulalamika kwamba watu wa siku hizi wanatafuna maneno. Wakati wa utani alicheka wa mwisho, baada ya kuangalia nyuso za wenzake. Binti yao ndiye aliyeshtuka mapema, kwenye simu. Alimuuliza, "Baba, mnaendeleaje?" Baba akajibu, "Kesho."

Mama Pazia alijipa majibu ya kila namna. Mzee amechoka. Mtandao mbaya. Lakini jioni moja mumewe alikaa kwenye kiti chake karibu na meza ya kukatia, akakaza nyuzi za gitaa, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya siku zote, akaridhika, akaanza kupiga. Na Mama Pazia, ambaye hakuweza kutofautisha wimbo wa harusi na wa msiba, akaacha kukanyaga cherehani. Kitu kilikuwa kimepinda. Nyuzi zilikuwa zikigombana. Siku asiye na sikio akiusikia ubovu, ujue ubovu umekwisha kukomaa.

Akamtazama. Solo alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Wiki za mwisho wa mwaka zikaingia, na kiongozi wa bendi akaja nyumbani, Solo akiwa ametoka. Alisema amekuja kuulizia pazia la sebuleni kwake. Alishika kitambaa hiki, akashika kile, akauliza kama rangi ya maziwa inashika vumbi, mpaka Mama Pazia akamwonea huruma.

"Shemeji, hukuja kwa ajili ya pazia."

Kiongozi akakaa juu ya jora. "Shemeji, mimi na Solo tumetoka mbali. Tulianza hatuna hata nywele za kidevu."

"Najua."

"Wenye ukumbi wamesema. Mara ya kwanza nikawaambia ni vyombo. Mara ya pili nikawaambia ni umeme. Sasa nimeishiwa visingizio. Mwimbaji wetu anasema akipanda, Solo anashuka, na akishuka, Solo hayupo kabisa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikukuu tuna dansi ya mchana. Zungumza naye, shemeji. Akubali mwenyewe kupumzika. Nikimwambia mimi, itakuwa nimemfukuza."

"Na nikimwambia mimi?"

"Wewe ni mkewe."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Kiongozi akasimama. Aliondoka bila kuagiza pazia, na mlangoni akasema tena, "Zungumza naye," kwa sauti ya mtu anayejua ametua mzigo wake kichwani kwa mwingine.

Mama Pazia akajaribu. Tatizo ni kwamba kila alipomkabili mumewe uso kwa uso, Solo alimwangalia midomo kwa makini, kwa upole, akisubiri neno kama mtu anayesubiri kupewa chai, na neno likamrudi kooni. Akagundua kwamba aliweza kulisema akiwa nyuma yake tu. Solo anapiga gitaa ameelekea kabati lenye kioo, yeye yuko nyuma kwenye cherehani, anauambia mgongo ule: "Mume wangu, husikii. Nyuzi zako zimepotea. Watu wanakuvumilia." Mgongo haukutikisika. Siku nyingine akabadilisha, akalainisha: "Baba, tumezeeka, hebu pumzika." Siku nyingine akalia na kusema, na mashine ikafunika sauti, ingawa hapakuwa na haja ya kufunikwa.

Ndipo akaenda dukani kutafuta zawadi ya sikukuu, na kichwani alikuwa ameshaamua kununua kitu kisichodhuru.

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. "Zawadi ya mpiga gitaa ni kama viatu," alisema. "Usinunue bila kuujua mguu. Gitaa lake la nyuzi za chuma au nailoni?"

"Chuma."

"Shingo pana au nyembamba?"

"Pana."

"Anapiga amesimama?"

"Jukwaani anasimama. Nyumbani anakaa."

"Wewe unamjua mtu wako! Wengi huja hapa wanasema tu, 'Nipe kitu cha gitaa,' nami nawapa kitu cha gitaa, Januari wanakirudisha."

Mama Pazia akataka kucheka, akashindwa. Miaka yote ile alinunua kwa kubahatisha, na sasa majibu yote anayo.

Muuzaji akamtandazia mali juu ya kaunta. Mkanda mpana wenye sponji begani, kwa mtu aliyeanza kuumwa mgongo. Seti ya nyuzi zenye utando usioshika kutu. Kitambaa laini cha kufutia mbao. Vile vijiplastiki vya kupigia, vya rangi zote, ndani ya kijikopo. Na stendi ya chuma ya kusimamishia gitaa, yenye mikono iliyovikwa mpira. Mama Pazia akaishika stendi. Ilikuwa zawadi nzuri, haimsemi mtu. Gitaa la Solo siku zote liliegemea majora ya vitambaa, likaanguka mara kwa mara. Alishakwisha kusema, "Nifungie hii," muuzaji alipoweka kitu kingine mbele yake.

Kilikuwa kidogo kama kibanio cha nguo, chenye kioo cheusi. Muuzaji akakibana kichwani mwa gitaa la maonyesho, akagusa uzi. Kioo kikawaka chekundu. Akazungusha kitasa cha uzi kidogo, kidogo tena, kikawaka kijani.

"Tyuna," alisema. "Hii inashika mtikisiko wa mbao wenyewe. Huhitaji sikio hata kidogo. Ukumbi uwe na kelele za kuua, wewe unaangalia taa tu. Hata kiziwi anakaza gitaa na hii!"

Alisema kibiashara, kama alivyokuwa amesema kwa mamia ya wateja. Hakujua amegusa wapi. Mama Pazia alishika ukingo wa kaunta. Akaona, au alidhani ameona, njia. Kitu hakina aibu. Kitu kinaweza kukaa mkononi mwa mtu na kumwambia jambo bila kumtazama usoni. Na pengine, nani ajuaye, kingemwokoa pia: nyuzi zikikaa sawa, gitaa litakuwa sawa, na kiongozi wa bendi atameza maneno yake. Akairudisha stendi kwenye kaunta.

"Nipe hiyo," alisema.

Asubuhi ya sikukuu nyumba ilijaa. Binti alikuwa amefika, na wifi yake Mama Pazia, dada mdogo wa Solo, mwanamke ambaye siri kwake ilikuwa kama maji kwenye chekecheke. Walikaa chumba cha mbele kwa sababu ndicho chenye nafasi, wakasukuma kando mapazia ya watu. Zawadi zikagawiwa. Solo alipopewa kijiboksi chake, akakitikisa karibu na sikio kwa mazoea, akatangaza, "Jamani, mama amenunua tena!" na wote wakacheka, isipokuwa mnunuzi.

Akafungua. Akakigeuza upande huu na upande ule.

"Ni nini hicho, kaka?" wifi akauliza. "Cha kuanikia?"

Solo akasoma maandishi ya boksi, akiwa ameliweka mbali na macho. Akachukua gitaa, akakibana kichwani mwake, akagusa uzi wa kwanza. Chekundu. Akagusa wa pili. Chekundu. Akaenda hivyo mpaka wa sita, na hakuna hata mmoja uliokuwa mahali pake. Na jioni ya kuamkia siku ile alikuwa amelikaza gitaa hilohilo kwa ajili ya dansi, akaridhika nalo.

Basi akaanza upya, mbele yao, taratibu, akizungusha vitasa na kuangalia taa. Binti alikuwa ameinamia mikono yake. Uzi wa mwisho ulipowaka kijani, Solo akalilaza gitaa mapajani.

"Tangu lini umejua?" akamuuliza mkewe.

"Muda sasa."

"Na nani mwingine?"

Mama Pazia angeweza kudanganya. Alikuwa amefungua mdomo kudanganya. Wifi akamtangulia.

"Kaka, sote tunajua. Tulidhani na wewe unajua kwamba tunajua."

Solo akatikisa kichwa polepole. Alikuwa amewaficha kwa juhudi kubwa kiasi gani, hakuna aliyefikiria: nyuso alizozisoma, vicheko alivyovisubiri, viti alivyochagua ili awe karibu na mdomo wa mtu. Yote hayo, kumbe anajificha kwenye uwanja mtupu.

"Nilikuwa nakuona kwenye kioo cha kabati," alimwambia mkewe. "Nikipiga gitaa, wewe huko nyuma midomo inacheza. Nilidhani unaniombea."

"Nilikuwa najifunza kukuambia," Mama Pazia akasema, na kwa kuwa alisema akiwa amekiinamisha kichwa, ilibidi aseme tena.

Mchana Solo akavaa shati la bendi. Binti akamsihi abaki. "Leo gitaa liko sawa," alijibu, akionyesha kile kitaa cha tyuna, "mnaona wenyewe." Mama Pazia na binti wakaenda naye.

Ukumbi ulijaa. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, maana vidole vilikuwa vinaujua kuliko kichwa. Nyuzi zilikuwa sawasawa. Hata mpiga besi alimgeukia, ameinua nyusi kwa furaha, na Mama Pazia, kule kwenye meza ya pembeni, akajiruhusu kuvuta pumzi. Wimbo wa pili mwimbaji aliona watu wamechangamka, akaruka ubeti mmoja, akaingia moja kwa moja kwenye kiitikio kama wanavyofanya waimbaji. Bendi nzima ikamfuata. Solo hakumfuata. Aliendelea na ubeti ambao haukuwepo tena, peke yake, safi kabisa, kila uzi mahali pake. Wachezaji wakapunguza hatua. Mpiga drams akagonga kwa nguvu kumwita. Solo akaona nyuso zikimgeukia, akajua kuna jambo, akainua macho kuangalia kitaa. Kitaa kiliwaka kijani. Kilijua uzi, wimbo umefika wapi hakikujua.

Akaacha kupiga. Wimbo ukamalizika bila yeye, kisha watu wakapiga makofi, wakasimama kabisa, maana wengi walikuwa wameoa na kuolewa kwa gitaa lile. Makofi aliyaona. Huruma ya mikono ile ndiyo iliyommaliza. Akachomoa waya, akauzungusha kwenye kiwiko na kiganja kama alivyofanya miaka yote, akamwinamishia kiongozi wa bendi kichwa. Kiongozi hakumwita arudi.

Baada ya sikukuu walikwenda kwa daktari wa masikio. Daktari alikuwa mkweli: mishipa midogo ya ndani ya sikio ikifa haifufuki. Akawapa kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio, na kwa siku kadhaa nyumba ikawa kama imepata jua. Solo alisikia cherehani. Alisikia mlango. "Sauti yako imezeeka, mama," alimwambia mkewe, na Mama Pazia akacheka mpaka akatokwa na machozi, akamjibu ya kwake pia haijabaki ya kijana.

Kisha Solo akachukua gitaa. Akapiga mara moja. Akapiga tena, akakisogeza kifaa sikioni, akapiga mara ya tatu.

"Ni kama mtu anamwaga vijiko," alisema.

"Daktari alisema kuzoea kunachukua muda."

"Alisema nitazoea maneno, mama. Nilimuuliza kuhusu muziki ulipokuwa nje unalipa. Akaangalia karatasi zake."

Mama Pazia akabaki ameshika pindo la pazia la mtu. Solo akavua kifaa, akafungua nyuzi, mmoja mmoja, zikalegea juu ya mbao. Wiki iliyofuata alimwita kiongozi wa bendi, akamkabidhi gitaa pamoja na begi lake, ampe mpiga gitaa aliyechukua nafasi yake. Kiongozi alilipokea kwa mikono miwili kama anapokea maiti ya mtoto. Hakukaa. Hakuna aliyemwambia akae.

Tangu hapo Solo anafanya kazi na mkewe. Anapiga pasi marinda, anatia vikulabu, anapanda ngazi kwenye nyumba za wateja kufunga mabomba ya pazia. Anafanya vizuri na halalamiki, na hakuna kinachomuumiza Mama Pazia kama huko kutolalamika. Angemtukana afadhali. Mara nyingine anajiambia kwamba jambo lile lingetokea tu, kama si yeye basi mlevi mmoja ukumbini angelipasua kwa kicheko. Mara nyingine, nazo ndizo nyingi, anaiona ile stendi ya chuma juu ya kaunta, na yeye mwenyewe akiisukuma kando. Angepata miezi mingine ya kumwona mtu amefumba macho, anatabasamu, nyuzi zote zimepotea. Ilikuwa kelele mbaya. Angeishi nayo.

Sugu za vidoleni mwa Solo zimeanza kulainika. Aliligundua hilo yeye mwenyewe, akitunga uzi kwenye tundu la sindano. Akasugua kidole kwa kidole, akatazama, akaendelea.

Juzi amekuja mteja, mwanamke anayehamia nyumba mpya, anataka mapazia ya madirisha yote. Wakati anapimiwa, akamkodolea macho yule mzee aliyeshika ncha ya pili ya utepe.

"Samahani, huyu si Solo? Yule wa gitaa?"

Solo alikuwa amevaa kifaa. Alisikia vizuri.

"Hapana," alisema. "Unanifananisha." Kisha akasoma kipimo kwenye utepe, kwa sauti, ili mkewe akiandike.

Mama Pazia akakiandika.